Kaisari Julian alikwama Antiokia kabla ya kufika Uajemi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tukufu tuseme yetu juu ya makala ya historia mliyoichapisha kuhusu Kaisari Julian wa Roma, yule aliyepachikwa jina la Murtadi kwa kuuacha Ukristo na kutaka kuirejesha ibada ya miungu ya kale. Tunakushukuruni kwa kumpa nafasi mtu ambaye wasomaji wetu wengi hawamjui. Lakini makala ile ina mambo mawili ambayo vijana wa skuli za hapa Pemba wameshaanza kuyanakili madaftarini. La kwanza ni kwamba Julian aliwatupa Wakristo kwa simba. La pili ni kwamba lau si mkuki uliompata vitani Uajemi, dini ya kale ingerudi na dunia ingekuwa nyengine.

La kwanza si kweli kabisa na tutalieleza chini. La pili ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu linamfanya kijana aamini kwamba dini nzima ilisimama au kuanguka kwa ncha ya mkuki mmoja. Sisi tunasema shughuli ya Julian ilikuwa imeshakwama tangu mwaka 362, katika mji wa Antiokia huko Syria, miezi kadhaa kabla hajavuka mto Euphrates. Na sababu zake zinahesabika: kwa vipimo vya ngano, kwa vichwa vya ng'ombe, na kwa mashamba ya mahekalu.

Maisha yake kabla ya kutawala tunayapitia haraka. Alizaliwa Constantinople mwaka 331 au 332. Baba yake, Julius Constantius, na Kaisari Constantine walikuwa ndugu wa baba mmoja. Constantine alipofariki Mei 337, askari waliwaua karibu wanaume wote wa ukoo ule isipokuwa wana wa Constantine, baba yake Julian akiwemo. Wakasalimika watoto wawili, Julian na kaka yake Gallus. Julian akalelewa Kikristo, akafikia cheo cha msomaji wa maandiko kanisani, huku towashi mmoja, Mardonius, akimsomesha mashairi ya Homer. Mwaka 351 hivi, akiwa kijana wa miaka 20, akayafuata mafundisho ya mwanafalsafa Maximus wa Ephesus, akaificha imani yake mpya kwa miaka kumi. Novemba 355 binamu yake Constantius, mwana wa Constantine na mtawala mkuu wa Roma, alimfanya Kaisari mdogo na kumpeleka Gaul, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Huko alishinda vita vya Strasbourg mwaka 357, na kodi ya ardhi akaishusha kutoka sarafu 25 za dhahabu kwa kila fungu hadi 7. Tunaitaja kodi hii kwa makusudi: huyu hakuwa mwotaji asiyejua hesabu. Constantius alifariki tarehe 3 Novemba 361, na Julian akaingia Constantinople tarehe 11 Desemba akiwa mtawala pekee.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hekalu la kale halikuwa jumba la kuombea tu. Lilikuwa na mashamba, nyumba za kupangisha na akiba ya fedha, na mapato hayo ndiyo yaliyonunua wanyama, kuni, mvinyo na ubani, yakawalipa wachinjaji na wapiga zumari. Zilikuwa mali za wakfu, kwa maana ileile tunayoijua sisi. Constantine alizitwaa hazina za mahekalu mengi, na chini ya wanawe ardhi yao ikaingia serikalini au ikagawiwa wakubwa. Sheria za Constantius, kuanzia mwaka 341, zikakataza kuchinja kwa ajili ya miungu, na baadaye zikaamuru mahekalu yafungwe. Kwa hiyo alichokirithi Julian kilikuwa majengo matupu, bila mapato na bila watu wa kuyaendesha, na hali hiyo ilishadumu karibu miaka ishirini.

Amri yake ilikuwa fupi: mahekalu yafunguliwe, na aliyechukua mali ya hekalu airudishe au alipe. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Nguzo ya hekalu iliyouzwa miaka kumi na tano nyuma imeshakuwa nguzo ya kanisa, au inashikilia paa la nyumba ya tajiri. Ukiing'oa, paa linakuja chini. Aliyeinunua aliinunua kihalali, kwa ruhusa ya Kaisari aliyetangulia, na mara nyingi alikuwa mjumbe wa baraza la mji lilelile lililopewa kazi ya kutekeleza amri. Mji wa Arethusa huko Syria ulikuwa na askofu mmoja, Mark, aliyebomoa hekalu zamani za Constantius. Akatakiwa alijenge upya au alipe gharama. Alikataa kutoa hata senti. Wakazi wakamkokota mabarabarani, wakampaka asali na kumtundika juani nyuki na nyigu wamle, naye hakulegea. Libanius, mwalimu mkubwa wa ufasaha Antiokia, mpagani na rafiki wa Julian, alimwandikia kiongozi mmoja wa serikali kumwonya asimtese mdaiwa mwengine wa namna hiyo, kwa sababu mateso yalikuwa yamempa Mark heshima ambayo hakuwa nayo. Hiyo ni kauli ya mtu wa upande wa Julian mwenyewe, na inafaa isomwe darasani.

Ardhi ilikuwa rahisi kidogo kuliko nguzo, na Julian alitoa sheria Machi 362 kuzirudishia miji mali zao. Lakini shamba lililorudishwa mwezi wa tatu halina mazao ya kununua fahali mwezi wa nne. Gharama za mwanzo zote zikaangukia hazina ya Kaisari, na hapa ndipo tunapofika kwenye ng'ombe.

Utaratibu wa kuchinja ulikuwa na hatua zake. Mnyama awe hana kilema; mweupe kwa miungu ya mbinguni, mweusi kwa ile ya chini ya ardhi. Hupambwa, huongozwa kwa maandamano hadi kwenye madhabahu, ambayo ilikuwa nje mbele ya hekalu, si ndani. Hunyunyiziwa maji na nafaka. Nywele chache za paji la uso hukatwa na kutupwa motoni. Ng'ombe hupigwa shoka kisha hukatwa koo. Halafu ini na matumbo hukaguliwa. Yakionekana na dosari, ishara ni mbaya, na aghlabu kazi huanza upya kwa mnyama mwengine. Mafuta na mifupa ya mapaja huchomwa, nyama hupikwa ikaliwa na waliohudhuria. Kazi hii inataka watu waliofunzwa: wa kuongoza mnyama, wa shoka, wa kisu, wa kusoma ini, wa zumari. Ukikatisha mazoezi kwa muda mrefu, ujuzi unapotea. Julian alikutana na jambo hili mapema. Akiwa njiani kupita Kapadokia, katika Uturuki ya leo, alimwandikia mwanafalsafa mmoja, Aristoxenus, akilalamika kwamba kule wengine hawataki kuchinja, na wachache wanaotaka hawajui namna ya kufanya.

Akaamua kulijaza pengo yeye mwenyewe. Libanius anasimulia, tena kwa kumsifu, kwamba Kaisari alibeba kuni kwa mikono yake, akashika kisu, akakagua matumbo ya ndege. Na idadi ilikuwa kubwa. Ammianus Marcellinus, askari aliyekuwamo katika jeshi lake na ambaye pia hakuwa Mkristo, anaandika kwamba huko Antiokia fahali walichinjwa mia kwa mara moja, pamoja na makundi ya wanyama wengine na ndege weupe waliotafutwa nchi kavu na baharini. Nani alikula nyama hiyo? Askari, khasa vikosi vya Petulantes na Celtae kutoka Gaul. Walikula na kunywa hadi wakabebwa mabegani na wapita njia kutoka mahekaluni hadi makambini mwao. Raia wa kawaida, ambaye kwa desturi ya zamani ndiye aliyepaswa kukaa chini na jirani zake wale pamoja, alisimama kando akitazama. Watu wakaanza kusema kwamba Kaisari akirudi salama kutoka Uajemi, ng'ombe watakwisha duniani.

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya fedha na mazoezi, yangepona kwa wakati. Julian mwenyewe hakufikiri hivyo, na hapa ndipo tunapomheshimu zaidi. Alitambua kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, hawakushinda kwa hoja wala kwa amri za Constantine peke yake. Katika barua kwa Arsacius, kuhani mkuu wa jimbo la Galatia katika Uturuki ya leo, alitaja mambo matatu yaliyowakuza: ukarimu kwa wageni, kuwashughulikia maiti kwa mazishi ya heshima, na maisha ya uadilifu, ambao yeye aliuita wa kujifanya. Akaandika kwamba ni aibu: hakuna Myahudi anayeomba njiani, na Wagalilaya wanalisha maskini wao na maskini wetu juu yake. Barua hii imetufikia kupitia mwandishi wa karne ya tano, Sozomen, na wapo wataalamu wanaoitilia shaka. Sisi tunaikubali, kwa kuwa barua yake nyengine ndefu kwa kuhani ina mawazo yaleyale.

Amri kwa Arsacius zilikuwa wazi. Kila mji ujengewe nyumba za wageni, nyingi. Kuhani asiende kwenye michezo ya jukwaani, asinywe kilabuni, asifanye biashara ya aibu, asiyetii aondolewe. Na serikali itatoa kila mwaka, kwa Galatia nzima, modii 30,000 za ngano na sextarii 60,000 za mvinyo, vipimo vya Kirumi tunavyovigeuza hapa chini. Sehemu moja ya tano ipewe maskini wanaowahudumia makuhani. Zilizobaki zigawiwe wageni na ombaomba.

Tunawaomba wasomaji wakae na hesabu hii, kwa sababu vitabu vingi huitaja na kuipita. Modius moja ni lita 8.7 hivi. Ngano yake hukaribia kilo sita na nusu, kwa kipimo cha wazee wetu pishi mbili na kitu. Modii 30,000 basi ni kama tani 195, na mvinyo ni kama lita 32,000. Inasikika ni nyingi. Toa moja ya tano, yaani modii 6,000, zinabaki 24,000. Posho ya kawaida ya ngano iliyogawiwa raia wa mji wa Roma tangu zamani ilikuwa modii 5 kwa mwezi kwa mtu mmoja, yaani 60 kwa mwaka. Gawa 24,000 kwa 60, unapata watu 400. Jimbo zima lenye Ancyra, ndiyo Ankara ya leo, lenye Pessinus na miji mengine na vijiji vyake, linapata chakula cha mwaka cha watu 400.

Linganisha na upande wa pili. Mwaka 251, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Julian, wakati Ukristo bado hauna ruhusa ya sheria, askofu Cornelius wa Roma aliandika kwamba kanisa la mji ule lilikuwa na mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa nalo. Na huko Antiokia, miaka ishirini na kitu baada ya Julian, padri John Chrysostom alisema kwenye mahubiri kwamba orodha ya wajane na mabikira waliopewa chakula kila siku ilifika 3,000, mbali na wafungwa, wagonjwa na wageni. Huo ni mji mmoja. Kaisari wa Roma nzima, kwa ngano ya serikali, alikuwa akipanga kwa jimbo kitu kidogo kuliko walichokifanya waumini wa mji mmoja kwa sadaka zao na mapato ya mali za kanisa.

Tena ngano inataka mikono. Mashemasi wa Roma walikuwa na orodha zao, mitaa yao, na watu wa kuwauliza. Arsacius alikuwa na nani? Ukuhani wa kale kwa kawaida ulikuwa heshima ya mji: tajiri anaubeba kwa mwaka mmoja au kwa maisha yake, anagharimia sikukuu kutoka mfukoni, jina lake linachongwa kwenye jiwe, kisha anarudi kwenye mashamba yake. Hakuna aliyemwuliza anasoma nini au analala saa ngapi. Julian alimtaka mtu huyohuyo ahifadhi tenzi za miungu, aswali mara kwa mara usiku na mchana, asiguse mashairi ya matusi ya Archilochus wala vitabu vya Epicurus, na watoto wake, mkewe na watumwa wake wote wawe wacha Mungu. Alikuwa anaomba aina ya mtu ambayo dini ile haikuwa imeizalisha. Aliruhusu maskini na tajiri sawasawa wachaguliwe, mradi wawe na mapenzi kwa miungu na kwa binadamu, na wazo hilo lilikuwa zuri. Lakini kulea watu wa namna hiyo ni kazi ya vizazi, naye alikuwa na miezi. Mmoja wa aliowateua, Chrysanthius wa Lydia, alikwenda polepole, hakukimbilia kujenga mahekalu wala kuwasumbua Wakristo, na matokeo yake ni kwamba mabadiliko kule hayakuonekana sana kuja wala kuondoka. Tunadhani huyu ndiye aliyeielewa hali kuliko wote.

Julian alifika Antiokia Julai 362. Agosti akaenda mbio Daphne, kitongoji cha mji kwenye hekalu mashuhuri la Apollo, kwa sikukuu ya kila mwaka. Njiani alikuwa akiwaza maandamano, kwaya, ubani, vijana waliovaa nyeupe. Alipoingia hakukuta ubani, wala andazi la sadaka, wala mnyama. Akadhani wanamsubiri nje. Akamwuliza kuhani mji umeleta nini. Kuhani akajibu amekuja na bata bukini mmoja, tena wa nyumbani kwake, maana mji haukuandaa kitu. Haya hayakusimuliwa na maadui. Ameyaandika Julian mwenyewe, kwa hasira. Aliwakemea wajumbe wa baraza kwamba mji wenye vipande 10,000 vya ardhi umeshindwa kumletea mungu wake hata ndege, ilhali kila mmoja wao anamwachia mkewe atoe kila kitu nyumbani awapelekee Wagalilaya, na wao wanawalisha maskini kwa mali hiyo. Hilo ndilo jambo ambalo makala yenu haikuligusa: mji uliokuwa na wapagani wengi haukukataa dini ya Kaisari, uliipuuza tu.

Mwaka huohuo kulikuwa na ukame na bei ya ngano ilipanda, na jeshi lililokusanyika kwa vita lilikuwa nalo linakula. Julian aliweka bei ya lazima. Akaleta vipimo 400,000 kutoka Chalcis, Hierapolis na miji ya karibu, kisha 5,000, kisha 7,000, kisha 10,000 kutoka mali yake mwenyewe, halafu ngano ya Misri. Akaiuza vipimo 15 kwa sarafu moja, wakati hapo awali sarafu moja ilinunua 10. Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa mbovu. Mwenye fedha alinunua mjini 15 kwa sarafu, akazipeleka shamba ambako amri haikufika, akauza 10 kwa sarafu, akabaki na vipimo 5 vya faida. Mtu wa Pemba aliyeona karafuu zikivushwa usiku kwa magendo bei ya ng'ambo inapozidi ya hapa hahitaji kuelezwa zaidi. Ngano ikafichwa, soko likakauka, na maskini aliyekusudiwa akapata kidogo. Wanunuzi wakubwa walikuwa walewale wajumbe wa baraza, walewale ambao ndio walitakiwa wagharimie sikukuu za miungu na ukuhani. Baada ya hapo Julian hakuwa na mtu wa kumtegemea mjini. Masikini aliona njaa, tajiri aliona adui.

Oktoba mambo yakaharibika zaidi. Pale Daphne palizikwa mifupa ya askofu shahidi Babylas, iliyohamishiwa hapo na Gallus. Julian aliamini ndiyo inayomnyamazisha mungu Apollo asitoe utabiri wake, akaamuru iondolewe. Wakristo waliibeba kwa maandamano makubwa wakiimba zaburi za kuwaaibisha waabudu sanamu. Tarehe 22 Oktoba hekalu likaungua. Kaisari aliwashuku Wakristo, akafunga Kanisa Kuu la mji. Ammianus anataja uvumi mwengine: mwanafalsafa Asclepiades aliacha mishumaa ikiwaka mbele ya sanamu ndogo ya fedha, cheche zikashika mbao kavu za juu usiku wa manane, hapana mtu wa kuzima.

Kuhusu walimu tutasema kidogo, ingawa linatugusa. Sheria ya tarehe 17 Juni 362 ilisema mwalimu lazima awe bora kwanza kwa tabia, kisha kwa ufasaha; apitishwe na baraza la mji, na uamuzi upelekwe kwa Kaisari. Maneno hayo peke yake hayana ubaya. Ubaya ulikuja katika waraka uliofuata: asiyeiamini miungu asisomeshe washairi wa kale Homer na Hesiod, aende makanisani akafasiri Mathayo na Luka. Mwalimu Mkristo Prohaeresius wa Athens, ambaye Julian alitaka kumsamehe, aliacha kazi. Marius Victorinus wa Roma naye aliacha. Ammianus, mpagani, alisema amri hiyo ni ya ukatili na inafaa izikwe katika ukimya wa milele. Ilifutwa Januari 364. Madhara yake kwa Julian yalikuwa kwamba wasomi wa Kikristo waliokuwa wakiishi na wapagani katika darasa moja, wakisoma mashairi yaleyale, walilazimishwa kuchagua upande, nao hawakuchagua upande wake.

Sasa simba. Hakuna sheria ya Julian iliyoamuru Mkristo auawe kwa kuwa Mkristo. Tarehe 1 Agosti 362 aliwaandikia watu wa mji wa Bostra, kusini mwa Syria ya leo, kwamba hakuna atakayekokotwa kwenda madhabahuni, na kwamba watu waelimishwe kwa hoja, si kwa vipigo wala matusi. Aliwarudisha maaskofu wote waliohamishwa na Constantius, na Ammianus anasema alijua wakirudi watagombana wenyewe kwa wenyewe. Waliotupwa kwa wanyama walikuwa wa zama za nyuma, chini ya watawala wengine. Lakini msimfanye malaika pia. Umati wa Iskandaria ulipomuua askofu George tarehe 24 Desemba 361, adhabu waliyoipata ilikuwa barua ya kuwakemea tu, kisha akaandika kuulizia vitabu vya marehemu visipotee. Askari wawili, Juventinus na Maximinus, waliuawa Antiokia. Huko Edessa alichukua mali ya kanisa, akisema Wakristo wakiwa maskini wataingia mbinguni kwa wepesi. Mwaka 362 huohuo alimfukuza tena askofu Athanasius kutoka Iskandaria. Hayo ni maonevu, na yaandikwe kama yalivyo bila kuongezewa wanyama.

Aliondoka Antiokia tarehe 5 Machi 363. Alikuwa ameshaagiza hekalu la Yerusalemu lijengwe upya chini ya usimamizi wa Alypius, kazi iliyovunjwa na moto uliotoka kwenye misingi; tetemeko kubwa la Mei mwaka huo lilitikisa nchi ile yote. Mbele ya Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, aliandaa fahali kumi wazuri kwa mungu wa vita. Tisa walianguka kabla ya kufika madhabahuni, wa kumi akakata kamba akakimbia, na alipokamatwa na kuchinjwa ishara zake zikawa mbaya. Julian akaapa hatamchinjia tena mungu yule. Tarehe 26 Juni alitoka kupigana bila deraya, mkuki ukampata ubavuni, akafa usiku huo. Mwili ulizikwa Tarsus, katika Uturuki ya leo.

Na baada yake? Jovian, aliyemrithi, alifanya amani kwa kuiachia Uajemi majimbo matano na mji wa Nisibis. Mwaka 364 ndugu wawili waliomfuata Jovian, Valentinian na Valens, walizirudisha ardhi za mahekalu katika hazina ya serikali. Valentinian anasifiwa na Ammianus kwa kutomlazimisha mtu dini, na makatazo makali ya Kaisari Theodosius hayakuja hadi mwaka 391 na 392. Miaka ishirini na minane, wapagani wakiwa bado wengi na wengine wakiwa matajiri na wenye vyeo. Kama kazi ya Julian ingekuwa na mizizi, huo ulikuwa muda wa kutosha wa kuchipua. Mpango wa Galatia haukuendelezwa na mtu.

Kwa hiyo tunaomba mtoe masahihisho haya: alitawala peke yake kwa muda usiofika miezi ishirini, si miaka mitatu kama ilivyochapwa, alifia katika nchi ya Iraq ya leo, si Iran, na yale maneno "Umeshinda, Mgalilaya" mliyoyaweka kama kauli yake ya mwisho yameandikwa na Theodoret, askofu wa karne iliyofuata. Ammianus, aliyekuwa kambini siku ile, hayataji.

Wenu,
Walimu wa Historia,
Chake Chake, Pemba